Ganzi Miguuni: Stavudini, Mitokondria na Lugha ya Dalili katika Tororo na Busia, 2003–2018

Kata ya Nabuyoga imo katika wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, katika nchi ya Jopadhola, kwenye ukanda unaopakana na Kenya. Ni nchi ya muhogo, wimbi na mtama. Mkulima wa huko huenda shambani kwa miguu, hulima akiwa pekupeku na husimama kutwa juu ya udongo. Kwake mguu ni chombo cha kazi sawa na jembe. Makala haya yanahusu mguu huo, na namna ulivyoingia katika historia ya sayansi ya molekuli bila wenye miguu kuambiwa jina la kilichowapata.

Kati ya mwaka 2003 na 2009 maelfu ya watu wa Afrika Mashariki walianza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Miongoni mwa dawa hizo ilikuwamo stavudini. Iliwaokoa wengi na iliwadhuru wengi, na mara nyingi waliookolewa na waliodhuriwa walikuwa watu wale wale. Madhara yake yalianzia ndani ya mitokondria. Wilaya za Tororo na Busia, upande wa Uganda, ni mahali pazuri pa kuichunguza historia hii, kwa kuwa mradi wa huduma za UKIMWI majumbani ulioanzishwa huko mwaka 2003 uliacha kumbukumbu za kitabibu ambazo vijiji vingi vya kanda hii havikubahatika kuwa nazo.

Punje na uzi

Mitokondria zilionekana kwa hadubini kabla ya kazi yake kujulikana. Mwaka 1890 Richard Altmann alizieleza kama viumbe vidogo vinavyoishi ndani ya seli, dhana iliyochekwa wakati huo na ambayo baadaye ilionekana kuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani waliomcheka. Mwaka 1898 Carl Benda alizipa jina zilizo nalo hadi leo, akiunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la uzi na jingine la punje, kwa sababu ndivyo alivyoziona: punje zilizojipanga kama zilizotungwa katika uzi. Kiswahili kimelitohoa neno hilo bila kulitafsiri, na pengine ni heri. Tafsiri ya moja kwa moja ingebeba sura ya kitu na kuiacha kazi yake.

Kazi yake ni kutoa nishati. Chakula kilichokwisha kumeng'enywa huunguzwa humo kwa oksijeni, na nishati inayopatikana huwekwa katika molekuli ambayo seli huitumia kama mtu atumiavyo fedha taslimu. Seli zenye kazi nzito, kama za misuli, moyo, ini na neva, zina mitokondria nyingi.

Mwaka 1963 Margit Nass na Sylvan Nass walionyesha kuwa mitokondria zina DNA yao wenyewe, mbali na ile ya kiini cha seli. Mwaka 1981 watafiti wa Cambridge walichapisha mfuatano mzima wa DNA hiyo kwa binadamu: jozi 16,569 na jeni 37. Ni kitabu kidogo mno kikilinganishwa na kile cha kiini, na mtoto hukirithi kwa mama peke yake. Mwaka 1988 ikathibitishwa kwamba kasoro katika DNA hiyo huweza kusababisha maradhi, yakiwamo upofu wa kurithi na udhaifu wa misuli.

Kwa historia ya Tororo, jambo la kukumbuka ni moja. DNA ya mitokondria hunakiliwa na kimeng'enya kiitwacho polimerasi gama. Kimeng'enya hiki kikizuiwa, nakala hupungua. Nakala zikipungua, mitokondria huchakaa. Na mitokondria zikichakaa, seli hubaki bila nishati ya kutosha.

Dawa iliyomdanganya adui na mwenyeji

Stavudini haikubuniwa kwa ajili ya UKIMWI. Jerome Horwitz, mwanakemia wa Detroit, aliitengeneza katika miaka ya 1960 alipokuwa akitafuta tiba ya saratani, kama alivyoitengeneza zidovudini, na zote mbili zikawekwa kabatini. Zilitolewa baada ya virusi kugunduliwa, zidovudini ikiidhinishwa Marekani mwaka 1987 na stavudini mwaka 1994.

Dawa hizi hufanya kazi kwa ulaghai. Molekuli yake inafanana na tofali mojawapo la ujenzi wa DNA, lakini haina mahali pa kuunganishia tofali linalofuata. Kirusi kinapojaribu kunakili jeni zake hulipokea tofali hilo, na ukuta hukomea hapo. Tatizo ni kwamba polimerasi gama nayo hudanganyika. Kimeng'enya cha kiini cha seli hulitambua tofali bandia na kulikataa; kile cha mitokondria hulikubali.

Onyo lilikuwapo mapema. Mwaka 1990 Marinos Dalakas na wenzake walieleza ugonjwa wa misuli uliotokana na matumizi ya muda mrefu ya zidovudini, wakaonyesha kwamba chanzo chake kilikuwa mitokondria. Mwaka 1993, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wagonjwa 15 wa homa ya ini walipewa dawa ya majaribio ya jamii hiyo hiyo iitwayo fialuridini. Saba walipatwa na sumu kali ya ini. Watano walifariki, na wawili walinusurika baada ya kupandikizwa ini jipya. Kuanzia hapo hakuna mtaalamu wa fani hiyo aliyeweza kusema kwamba hajui.

Hata hivyo stavudini ilikuja Afrika, na ilikuja kwa sababu zenye mantiki. Mwaka 2000 tiba ya dawa tatu iligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeliuzia shirika la Madaktari Wasio na Mipaka mchanganyiko wa stavudini, lamivudini na nevirapini kwa dola 350 kwa mwaka. Zidovudini, iliyokuwa mshindani wa karibu, huweza kupunguza damu, kwa hiyo hudai kipimo cha damu cha mara kwa mara. Katika nchi ya malaria, ambako watoto na kina mama wengi tayari wana upungufu wa damu, na ambako zahanati haina mashine ya kuipima, stavudini ilionekana kuwa ndiyo dawa ya mwenye akili. Haikuhitaji friji wala maabara. Madhara yake yalichelewa kujitokeza, na mgonjwa ambaye angefariki mwezi ujao hana anasa ya kuogopa ganzi ya mwaka kesho.

Hukumu ya watu wa leo inayosema kwamba Waafrika walipewa sumu inasahau makaburi ya mwaka 2002. Ile inayosema kwamba dawa iliokoa watu na yatosha, nayo inaisahau miguu.

Pikipiki za Tororo

Kabla ya dawa hizo kufika vijijini, Tororo ilikuwa imekwisha kutoa somo moja muhimu. Jonathan Mermin na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wa watu 509 wenye virusi na jamaa zao 1,522 wasio na virusi. Wenye virusi walipewa kila siku kotrimoksazoli, dawa ya bei nafuu ijulikanayo na wengi kwa jina la Septrin. Vifo vilipungua kwa asilimia 46, na malaria kwa asilimia 72. Dawa ya zamani ya kila duka ilifanya kazi ambayo wengi walidhani ingesubiri dawa mpya.

Mwaka 2003 ukafuata mradi wa huduma majumbani, uliosimamiwa na Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani kwa kushirikiana na serikali ya Uganda na shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake. Watu walioandikishwa walikuwa wateja wa TASO waishio vijijini katika Tororo na Busia. Mradi uliligeuza jukumu la mwendo: badala ya mgonjwa kwenda hospitali, maafisa wa nyanjani wasio madaktari walimfuata nyumbani kwa pikipiki kila wiki, wakiwa na dawa za siku saba na dodoso la dalili. Aliyeonekana kuumwa alipelekwa kliniki. Dawa zilikuwa stavudini, lamivudini na nevirapini. Waliokuwa wakitibiwa kifua kikuu walipewa efavirenzi badala ya nevirapini.

Mafanikio yalikuwa makubwa kiasi cha kubadili mjadala wa dunia. Taarifa ya mwaka 2008 katika The Lancet ilikadiria kwamba vifo vya watu wazima vilipungua kwa asilimia 95 kwa dawa hizo pamoja na kotrimoksazoli, ikilinganishwa na hali ya kutokuwapo huduma yoyote, na kwamba vifo vya watoto wao wasio na virusi vilipungua kwa asilimia 81. Mtoto asiye na virusi alipona kwa kuwa mama yake alipona. Takwimu hii ndiyo mizani ambayo mengine yote katika makala haya hayana budi kupimwa nayo.

Lakini dodoso lilirudi na jambo jingine. Mwaka 2007 Fatu Forna na wenzake walichapisha tathmini ya madhara ya dawa katika mradi huo huo. Dhara lililoongoza lilikuwa ugonjwa wa neva za miguu na mikono, uliowapata zaidi ya theluthi ya watumiaji. Dhara la kutisha zaidi, yaani kujaa kwa asidi laktiki katika damu kunakotokea mitokondria zinaposhindwa kabisa, lilikuwa la nadra. Ila huua haraka, na dalili zake za mwanzo ni uchovu, kichefuchefu na kuhema. Mahali ambapo malaria ni jambo la kila mwezi, dalili hizo zina jina jingine lililo tayari mdomoni mwa kila mtu.

Ganzi, moto na dodoso

Neva ndefu kuliko zote mwilini huanzia kiunoni na kuishia kwenye vidole vya miguu. Seli ya neva hiyo hulazimika kusafirisha nishati mita nzima kutoka kiini chake, na mitokondria zikipungua, ncha za mbali ndizo zinazonyauka kwanza. Ndiyo maana ugonjwa huanzia vidoleni, huenea unyayoni, kisha hupanda kama soksi. Virusi vyenyewe huweza kuleta hali hiyo hiyo. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi pia. Kwa hiyo kesi moja moja haikuwa rahisi kuihukumu, na tathmini za Tororo hazikudai kuwa kila mguu ulidhurika kwa stavudini.

Hapa ndipo historia ya tiba inapogusa kazi ya wanaisimu. Ugonjwa huu una nyuso mbili zinazopingana: kutohisi kitu, na kuhisi maumivu makali. Neno la Kiswahili linalokimbiliwa ni ganzi, nalo hubeba uso wa kwanza tu. Ganzi ni hali ya mguu uliokaliwa, na ni dawa ya mng'oa meno, hupita. Mtu anayeulizwa kama ana ganzi, ilhali nyayo zake zinawaka moto usiku hata shuka hailiki juu yake, atajibu kwa haki kabisa kwamba hana. Aulizwe kama miguu inawaka moto, na yule ambaye hahisi tena mwiba unapomchoma atajibu hapana. Dodoso lenye swali moja hupoteza nusu ya wagonjwa, na kosa hilo haliwezi kurekebishwa na mtakwimu, kwa sababu limetokea kabla ya takwimu.

Katika ukanda wa mpaka hali ni ngumu zaidi. Dalili husemwa kwa Dhopadhola, Kiteso au Kisamia, huandikwa fomuni kwa Kiingereza, na kati ya hizo Kiswahili cha Busia na Malaba hupita kama lugha ya soko, ya dereva na ya askari. Wasamia na Wateso wako pande zote mbili za mpaka, na upande wa Kenya maelezo ya dawa yalitolewa aghalabu kwa Kiswahili. Uganda ilikitambua Kiswahili katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, miaka miwili baada ya pikipiki kuanza safari zake, lakini utekelezaji ulikokotwa hata Baraza la Mawaziri likalazimika kulirejea suala hilo mwaka 2022. Kwa miaka yote ambayo stavudini ilitumika, lugha ambayo ingeweza kuvuka mpaka pamoja na mgonjwa haikuwa na nafasi rasmi katika zahanati upande mmoja wa mpaka huo.

Majina ya dawa zenyewe yanastahili kutazamwa. Kenya ilizoea kuziita dawa za kupunguza makali. Tanzania ilisema dawa za kurefusha maisha, na baadaye dawa za kufubaza virusi. Jina la kwanza linamchora kirusi kama kisu kinachotiwa butu, la pili linamtazama mgonjwa na miaka yake, la tatu linarudi kwa kirusi. Yote ni majina mazuri, na yote yanautazama upande mmoja wa dawa. Hakuna lililomtayarisha mtumiaji kusikia kwamba makali yaliyopunguzwa kwa kirusi yangeweza kuhamia kwenye unyayo wake. Mwaka 2003, mwaka ule ule wa mradi, TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba. Istilahi zilikuwa zikitungwa Dar es Salaam huku haja yake ikizunguka Tororo juu ya pikipiki, na baina ya mambo hayo mawili hapakuwa na barabara.

Sura iliyorudi

Madhara ya pili yalikuwa ya macho zaidi kuliko ya hisia. Oktoba 1985 David Serwadda na wenzake walieleza katika The Lancet ugonjwa mpya wa Uganda ambao wananchi walikuwa wamekwisha kuupa jina: Slim, ambalo Waganda walilitamka na kuliandika siliimu. Jina lilitokana na kukonda. Kwa miaka ishirini watu wa mashariki mwa Uganda walijifunza kuusoma ugonjwa usoni: mashavu yaliyoingia ndani, mishipa iliyojitokeza mikononi, nguo inayoning'inia kiunoni.

Stavudini iliwanenepesha wagonjwa kwanza. Walirudi shambani na sokoni, na majirani waliona miujiza. Kisha, baada ya muda, kwa baadhi yao mafuta ya mashavu, mikono, mapaja na makalio yakaanza kutoweka, kwa kuwa seli za mafuta nazo zilikuwa zimepoteza DNA ya mitokondria zao. Kirusi kilikuwa kimelala, chembe za CD4 zilikuwa nyingi, na mwenye mwili alikuwa mzima. Lakini uso wake ulisema tena lile neno la mwaka 1985. Wakonde kwa maradhi au wakonde kwa dawa, kijiji kilikuwa na neno moja tu kwa wote. Kwa mjane anayetafuta kuolewa, au mchuuzi wa samaki Busia anayetegemea wateja wasiomwogopa, tofauti kati ya ugonjwa na sumu ya tiba ilikuwa ya maabara tu, na maabara ilikuwa mbali.

Kipimo kilichokuwapo Vancouver

Je, dhara hili lingeweza kupimwa kabla halijafika mguuni? Mwaka 2002 Hélène Côté na wenzake wa British Columbia, Kanada, walichapisha katika New England Journal of Medicine njia ya kulinganisha wingi wa DNA ya mitokondria na ile ya kiini katika damu. Kwa wagonjwa waliokuwa na dalili za asidi laktiki uwiano huo ulikuwa umeshuka, na ulipanda tena dawa zilipositishwa. Hicho ndicho kiashiria cha kimolekuli kwa maana yake kamili: alama ndani ya seli inayosema jambo kabla au badala ya dalili. Kilichapishwa mwaka mmoja kabla ya pikipiki ya kwanza kuondoka Tororo.

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba Vancouver walikuwa na kipimo na Tororo walikuwa na miguu, kisha kuishia hapo. Ukweli una mikunjo. Uchunguzi uliofuata katika nchi mbalimbali haukukubaliana: damu haikuwakilisha vyema hali ya neva wala ya mafuta, na kipimo hicho hakikuingia katika tiba ya kawaida hata katika nchi tajiri. Huko tajiri waliacha stavudini kwa sababu nyingine. Walikuwa na dawa mbadala, na walimsadiki mgonjwa aliyelalamika.

Tororo na Busia zilichangia jibu la swali la vipimo kwa namna yao. Katika mradi ule ule, watu 1,094 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: waliofuatiliwa kwa dalili tu, waliofuatiliwa kwa dalili na hesabu ya chembe za CD4, na walioongezewa kipimo cha wingi wa virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika BMJ. Waliofuatiliwa kwa dalili peke yake walipata vifo na maradhi makubwa zaidi, ilhali kipimo cha virusi hakikuongeza faida kubwa juu ya ile ya CD4 kwa miaka iliyochunguzwa. Mwaka mmoja kabla, jaribio la DART lililofanywa Uganda na Zimbabwe kwa watu 3,316 lilikuwa limeonyesha kuwa dawa ziliweza kutolewa kwa usalama bila vipimo vya kawaida vya sumu. Hitimisho hilo la DART limenukuliwa mara nyingi bila maelezo muhimu: wengi wa washiriki wake walitumia tenofovia, ambayo huigusa polimerasi gama kidogo sana. Ruhusa ya kutopima ilitegemea dawa iliyokuwa ikitumika.

Vipimo vilivyoshindanishwa katika majaribio hayo, vikiwamo CD4, virusi na hemoglobini, vilitazama mambo mengine. Hakuna kilichoitazama mitokondria. Kiashiria pekee cha mitokondria kilichotumika Tororo kilikuwa jibu la mgonjwa kwa swali la afisa wa nyanjani, kila wiki, mlangoni.

Na jibu hilo lilifanya kazi. Ripoti kama ile ya Tororo, pamoja na nyingine za Afrika Kusini na kwingineko, zilikuwa sehemu ya ushahidi uliosukuma mabadiliko. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mtu mzima apewe miligramu 30 za stavudini badala ya 40, bila kujali uzito. Tarehe 30 Novemba 2009 likazishauri nchi ziiondoe dawa hiyo hatua kwa hatua, likitaja madhara yake ya muda mrefu yasiyorekebishika. Tenofovia ikachukua nafasi yake, na kuanzia mwaka 2018 Uganda ikaanza kutoa kidonge kimoja cha siku chenye tenofovia, lamivudini na dolutegraviri.

Mafuta ya mashavu hurudi polepole dawa inapobadilishwa, na si yote. Neva iliyokufa hairudi. Kwa hiyo wako watu wa Tororo na Busia ambao kirusi chao hakionekani tena katika kipimo chochote, wanaokunywa dawa isiyodhuru mitokondria, na ambao hadi leo huangalia kwa macho kama kiatu kimevuka mguuni, kwa sababu mguu wenyewe hausemi.